Asma Alisoma Mara Tatu

Madame Godelive Kahongya alianza kuzikosa sauti kabla hajajua kwamba ubaya uko masikioni mwake. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, katika darasa la kwanza la shule moja ya msingi juu ya kilima huko Butembo. Alichora nyoka ubaoni, mrefu, aliyejikunja mara mbili, akapitisha kidole juu ya mgongo wake kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa.

"Huyu nyoka anasemaka nini?"

Watoto themanini na wanne wakafungua midomo, meno yakaonekana. Godelive alingoja. Alisikia pikipiki ikipanda mlima kwa shida, akasikia mwalimu wa jirani akigonga meza. Sauti ya nyoka hakuisikia.

"Munanyamaza ju ya nini? Nimeuliza, nyoka anasema nini!"

Watoto wakatazamana. Wakafanya tena, sasa kwa nguvu, hata wengine wakarusha mate. Akaona wanamchezea. Akawasimamisha wote, mikono juu ya kichwa, mpaka kengele ya mapumziko, na hakuna hata mmoja aliyejua kosa lake.

Hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Kule Beni, katika komine ya Ruwenzori alikofundisha kabla, wazazi walikuwa wakiamka mapema siku ya kuandikisha ili watoto wao waangukie kwake. Alikuwa amefunzwa namna mpya ya kufundisha kusoma, akawafunza na wenzake. Aliwaambia: "Musiseme 'esi'. 'Esi' ni jina tu la ile herufi, sawa vile Kambere ni jina la mutu. Ukimwita jina atageuka, lakini haujasikia bado kitu anasema. Mufundishe batoto kitu herufi inasema."

Kambere alikuwa mume wake. Alhamisi moja alikwenda kuchuma kakao shambani na hakurudi. Walimzika pamoja na wengine kumi na mmoja, na hakuna aliyewaambia wafiwa ni nani hasa aliyewaua na kwa nini. Juma lililofuata Godelive alishuka Butembo na mifuko miwili na boksi la kadi za herufi, akaenda kwa dada yake Maliro, anayeuza viazi na maharagwe ya Lubero sokoni. Chumba kimoja, watu wanane. Katika chumba kile akaokota kikohozi, na kikohozi kikageuka kifua kikuu.

Alipona. Miezi ya vidonge, miezi ya sindano kila asubuhi, huku anafundisha kila alipopata nguvu ya kusimama. Muuguzi alimwambia masikio yanaweza kulia kama mzinga wa nyuki, asishtuke. Yakalia kweli. Sindano zikaisha, nyuki wakanyamaza, naye akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba nyuki hao walikuwa wameondoka na kitu.

Walichoondoka nacho hakikuwa kelele zote. Mtu akizungumza karibu, Godelive alimsikia. Ngoma ya kanisani aliisikia, gari aliliona na kulisikia. Kilichopotea kilikuwa zile sauti nyembamba: s, f, sh, t ya mwisho wa pumzi. "Sahani" ilimfikia kama "a-ani". "Fisi" ilibaki i mbili tu, kama mtoto anayelia mbali. Aligundua hivyo jioni moja jikoni, Maliro alipomwambia kitu mara tatu akiwa amempa mgongo, kisha akageuka na kusema kwa hasira, "Sufuria, Gode! Nimesema sufuria!" Uso ulipogeuka, neno likaja. Godelive akashika sufuria, akakaa chini nayo mapajani.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Darasa lile alipewa kwa huruma, yeye mkimbizi, na nje ya ofisi ya shule walikuwako vijana wenye diploma wakingoja nafasi kama watu wanaongoja maji kwenye bomba. Mwalimu wa mwaka wa kwanza ni masikio. Asiposikia, anafanya nini pale?

Basi akajifunza midomo. F huuma mdomo wa chini, s huonyesha meno, sh hukunja midomo mbele. Akajifunza kukaa mahali ambapo mwanga wa dirisha unampiga mtoto usoni. Na akaanza kusema neno moja kutwa: "Paza sauti!" Darasa lake likawa la makelele kuliko yote. Jean-de-Dieu, mkurugenzi wa shule, alipita mlangoni akitabasamu. "Batoto ba Madame Godelive beko na nguvu," alisema. Yeye aliona bidii.

Waliokuwa na midomo mikubwa na koo pana wakafaulu. Kwenye benchi la tatu alikuwako Éliakim, mtoto wa fundi seremala, aliyesoma kama anayeita ng'ombe. Huyo Godelive akampa tisa juu ya kumi. Kati ya Éliakim na binti mwingine anayeitwa Muyisa alikaa Asma.

Asma alikuwa na miaka saba, binti wa Amisi, msafirishaji mwenye lori la Fuso linalopiga njia ya Butembo na Beni. Mama yake alikufa alipomzaa. Alikuwa na kilemba cheupe kinachofika mabegani na sauti ndogo kama uzi. Midomo yake ilifunguka kidogo tu, kana kwamba anaogopa maneno yasimwagike. Godelive alimwambia "paza sauti" mwezi mzima, kisha akachoka, akaanza kumruka.

Mwezi wa sita ukaja mtihani. Kila mtoto alikuja mezani peke yake kusoma maneno matano kwenye kadi. Asma alisimama, mikono nyuma. Kadi ilisema: sahani, fisi, shoka, tatu, sufu. Nje mvua ilikuwa inaanza, darasa limekuwa giza.

Midomo ya Asma ikatikisika. Godelive hakupata kitu.

"Soma tena."

Ikatikisika tena. Safari hii alidaka a mbili na u moja.

"Tena, Asma. Paza sauti. Usiogope."

Mtoto alivuta pumzi, akasoma mara ya tatu, polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho akainua macho. Macho yale yalikuwa yanangoja kitu. Godelive akafikiri, mtoto huyu anakisia, anatazama uso wangu apate jibu. Akaandika sifuri kwenye daftari. Asma aliiona ile duara nyekundu ikijifunga. Akarudi mahali pake, na tangu siku ile mpaka shule kufungwa hakufungua mdomo darasani.

Imla aliiandika vizuri, maneno kumi yote. Godelive akaandika pembeni: "Amekopia."

Siku ya kugawa buletini, zile ripoti za mwisho wa mwaka, Amisi alikuja mwenyewe, kofia mkononi, mafuta ya gari yangali kwenye kucha.

"Madame, samahani. Hapa wameandika mutoto ata-doubler, atarudia mwaka. Lakini huyu mutoto anasoma. Tukiwa barabarani anasomaka vibao, anasoma ata maneno ya nyuma ya magari ya bengine."

Godelive alimtazama midomo, akamwelewa vema, na akamjibu kwa upole wa mtu anayejua kazi yake. "Papa Amisi, wazazi wengi wananiambiaka vile. Mutoto anakamata maneno kwa kichwa, anakumbuka picha na rangi. Ile haiko kusoma. Nimemupima mara tatu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Amisi akainama. Yeye mwenyewe hakusoma zaidi ya mwaka wa pili, na hakuwa mtu wa kubishana na mwalimu. Akamgeukia bintiye akasema kitu ambacho Godelive hakukidaka, na mtoto akatikisa kichwa. Baada ya juma akasikia kwamba Asma amepelekwa Beni kwa shangazi yake Kadogo, akamsaidie dukani. Darasa la watoto themanini na wanne halina nafasi ya kumlilia mmoja.

Mwaka mpya wa shule ulikuwa na mwezi mmoja Timothée, mwalimu wa darasa la pili, alipomwita pembeni. Alikuwa kijana mpole, tena mwenye haya.

"Madame, batoto ulinitumia… benye kupewa alama ya juu. Minawapenda. Lakini bengi banachanganya s na f. Nikisema 'sumu' banaandika 'fumu'. Nilisema nikuulize, labda iko namna ulibaonyesha."

Akamjibu kwa ukali kwamba likizo ni ndefu na watoto husahau. Timothée akaomba radhi. Godelive alirudi nyumbani.

Maliro alikuwa uani akiwasha makaa. Alikuwa anatoa karatasi za zamani kutoka lile boksi la kadi za herufi chini ya kitanda, anazikunja na kuzisokomeza chini ya mkaa. Zilikuwa za imla ya mwezi wa sita. Godelive aliinama kumsaidia, na karatasi iliyomjia mkononi ilikuwa ya Éliakim. Alitaka kuikunja, akaisoma. Fumu. Sisi mahali pa fisi. Maneno saba kati ya kumi yalikuwa mabaya, na yeye mwenyewe alikuwa amempa alama ya kupita kwa sababu ya kile kisomo cha kelele.

Akatafuta ya Muyisa. Mabaya sita.

Akatafuta ya Asma, akaiokoa ikiwa imeshakunjwa. Maneno kumi, herufi ndogo, zimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Hakuna kosa hata moja. Na pembeni, kwa mkono wake Godelive: "Amekopia."

Amekopia kwa nani? Kulia kwake palikuwa na makosa saba, kushoto makosa sita. Mbele yake ukuta wa mgongo wa mtoto mwingine.

"Nini?" Maliro aliuliza.

"Nilimuangusha mutoto mwenye anajua," alisema. "Alisoma, na mimi sikusikia."

"Haukusikia namna gani?"

Hapo ndipo alipomwambia. Maliro aliacha moto ufe. Hakulia wala hakushangaa sana. Alisema tu kwa Kinande kwamba alikuwa anajua tangu siku ya sufuria, na alingoja aambiwe.

Jumamosi Godelive akapanda gari kwenda Beni. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga njia ile. Kwenye kizuizi, askari aliinama dirishani akasema kitu. Hakujibu. Askari akarudia, uso umefunikwa na kivuli cha kofia. Alipoona bado anamtazama tu, akapandisha sauti kwa Kilingala: "Mama, oyokaka te? Hausikie?"

Abiria wa pembeni, mwanamke asiyemjua, akamjibu kwa haraka: "Chef, musamehe. Huyu mama hasikiake." Kisha akamwonyesha Godelive kwa mkono: kadi, toa kadi ya uchaguzi, kitambulisho chako.

Alitoa. Mwanamke wa safari moja ameona kitu ambacho yeye aliwaficha wenzake miezi yote hiyo. Au hakuwa amewaficha, walimstahi tu.

Duka la Kadogo lilikuwa karibu na soko, mlango wa bluu, magunia ya sukari na mchele. Asma alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, anapima unga kwa kikombe. Alikuwa amerefuka. Alipomwona mwalimu wake alishuka kwenye kreti na kusimama wima, mikono nyuma, vilevile kama mezani. Amisi alikuwako pia, amekuja kupakia. Akaleta kiti, akampangusia vumbi.

Godelive hakukaa. Alichuchumaa mbele ya mtoto, uso kwa uso, mwanga ukiingia kutoka mlangoni.

"Asma. Siku ile ya examen, ulisoma?"

Mtoto akatazama baba yake, kisha akakubali kwa kichwa.

"Maneno yote?"

Akakubali.

"Mara ngapi?"

Asma akatoa mkono mmoja nyuma, akainua vidole vitatu.

"Na ju ya nini haukuniambia, 'Madame, nimesoma'?"

Midomo ikatikisika. Godelive alikaza macho, akaona meno kidogo, akaona m, na basi. Akamgeukia Amisi. "Anasema nini, Papa Amisi? Unisaidie. Mimi sisikiake. Masikio yangu yalikufa na zile sindano. Binti yako alisoma, mimi njo sikusikia. Hata siku ulikuja na buletini nilikuwa najua kama sisikie vizuri, na nikakuambia nimemupima."

Kadogo akaweka mkono kinywani. Amisi akautazama mlango. Alipozungumza, alizungumza polepole, akimwonyesha uso wake, na hilo lilimuuma Godelive kuliko kama angemtukana.

"Anasema Madame njo anajua. Anasema, alifikiri ile alikuwa anafanya haiko kusoma. Alifikiri iko kitu ingine, na kusoma kwenyewe hajakufikia bado." Akafuta uso kwa kiganja. "Tangu aje huku hasomake vibao tena. Nilizania amechoka."

"Munisamehe."

"Mimi nikusamehe, sawa. Yeye je? Nimemupeleka hapa shule mbili. Wote banasema, buletini yake inasema mwaka wa kwanza. Na yeye mwaka wa kwanza hapana taka kurudi. Anakaa tu hapa na unga."

Godelive akasema ataibadilisha ile buletini. Alijua, wakati anasema, kwamba buletini haibadilishwi kwa kalamu ya mwalimu peke yake. Alijaribu kumgusa Asma shavuni. Mtoto hakukataa, hakuegemea. Alisubiri mkono uondoke, akapanda tena kwenye kreti yake.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Jean-de-Dieu, akafunga mlango, akamwambia yote bila kukaa. Mkurugenzi alivua miwani.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili, mwaka wa shule uliopita."

"Na ukapima batoto wote na masikio ile?"

"Wote."

Mkurugenzi akavaa tena miwani. Kisha akasema, bila ukali, "Madame, unajua nitamuandikia inspekta. Siwezi kubadilisha ya mumoja na kuacha ya bengine."

Inspekta Malachie alitaka watoto wote wapimwe upya. Kazi hiyo akapewa Timothée. Godelive aliomba ruhusa akae mlangoni, akakaa siku nne, akiangalia watoto wake wa mwaka jana wakija mezani mmoja mmoja. Aliona midomo. Hakujua kinachosemwa mpaka Timothée alipoinua kidole gumba au kukilaza. Kijana yule alifanya hivyo kwa kumhurumia, wala hakuwa amemwomba. Kati ya tisa aliowarudisha, wanne walikuwa wanajua kusoma. Kati ya aliowapitisha, kumi na saba hawakujua. Kwa Éliakim kidole kililazwa. Akatoka mezani akicheka, kwa maana tangu lini Éliakim hajui kusoma?

Waliojua wakapandishwa. Wasiojua waliachwa walipo, kwa sababu hakuna benchi la kuwarudishia, na Timothée akaambiwa ajitahidi nao saa za mchana. Kwa Asma, kwa ushahidi wa ile imla yake, ikaandikwa buletini mpya yenye muhuri, na Godelive mwenyewe akaipeleka kwenye maegesho ya malori, akamkabidhi Amisi mkononi.

Darasa akapewa Rébecca, msichana aliyetoka shule ya walimu mwaka uleule. Hawakumfukuza Godelive. Walimpa kazi ya kushika madaftari ya mahudhurio na kuandika ubaoni asubuhi kabla watoto hawajaingia, maana mwandiko wake ni mzuri. Anaandika sa se si so su, anachora nyoka au shoka, anapangusa mikono, anatoka. Rébecca alimwuliza mambo mengi siku za kwanza, namna ya kuweka ulimi, namna ya kuwapanga, naye alimfundisha kila alichokijua. Baadaye msichana hakuuliza tena. Alikuwa ameshajua.

Wiki mbili kabla ya Noeli, kule karibu na Beni kulikuwa kumeshambuliwa tena, shule zikafungwa siku kadhaa, zikafunguka. Godelive hakulala vizuri mpaka alipoona Fuso ya Amisi imesimama chini ya kilima, magurudumu yamejaa tope. Alishuka mbio, kitenge kikimfunguka.

"Papa Amisi! Asma?"

"Yuko. Hatukuguswa. Wasingya Madame, kwa kuuliza." Alimsogelea ili amwone vizuri. "Ako mwaka wa pili sasa. Mwalimu wake anasema anaandika kupita wote. Kila kitu anaandika bila kosa."

"Na kusoma?"

Amisi akashika mlango wa lori, akauachia.

"Kwa macho, anasoma. Tunamuona, anashika kitabu saa nzima. Lakini kwa sauti, hapana. Mwalimu amemuomba, amemupa bombo ya kunyonya, amemupiga pia siku moja, nikaenda kugombana naye. Hapana. Akiitwa kusoma, anasimama, anatazama kadi, ananyamaza mpaka bamwambie akae." Akamgeuzia uso. "Hana hasira na wewe, Madame. Usifikiri vile. Ni mutoto. Amezoea tu."

"Labda itapita," Godelive alisema.

"Labda."

Dereva msaidizi alikuwa ameshapanda. Amisi akampa mwalimu mkono, mkono mkavu wenye mafuta, akaingia ndani. Lori likaunguruma, na huo mngurumo Godelive aliusikia wote, mpaka kifuani. Alisimama pale hadi lilipopinda kuelekea njia ya Beni, kisha akapanda kilima polepole, kwa sababu madaftari ya mahudhurio ya siku ile yalikuwa bado hayajafungwa.